Bibi Hajapotewa na Akili

Hapa Vitongoji, bibi akimpokea mgeni kwa bashasha kisha akashindwa kusema walijuana wapi, vijana hucheka: "Bibi keshapotewa na akili!" Kicheko hicho ni ujinga. Kuutambua uso ni kazi moja. Kukumbuka uliuona wapi na lini ni kazi nyingine. Uzee huidhoofisha zaidi hii ya pili, kwani sehemu ya ubongo inayofunga uso na mahali huchakaa. Anayepotea njia ya nyumbani kwake, huyo apelekwe hospitali. Lakini huyu mkumbusheni tu: "Ni yule wa Chake, mlichuma naye karafuu." Mtaona atakavyowasimulia! Tusiwazike wazee wetu wangali hai. Tukijaliwa umri, nasi njia yetu ni hiyo hiyo.