Anayetaka uhunzi na aanze kwa kuvukuta

Wahenga walinena kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Methali hii ni maarufu shuleni, na sidhani wapo walimu wengi wa Kiswahili ambao hawajapata kuifunza. Hata hivyo, mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa kwanza alipotakiwa kuifafanua, alieleza bila kusita kuwa "asiposana" maana yake ni "asipofanya bidii sana". Wenzake hawakumcheka, kwani hata wao hawakujua kuwa kusana ni kufua chuma, na kwamba kuvukuta ni kuupulizia moto hewa kwa mivukuto.

Nilimsahihisha kijana huyo kwa madaha ya kisomi. Ndipo akaniuliza, "Mwalimu, mvukuto wenyewe hutumiwaje?" Nikamjibu kwa maneno ya kamusi, naye akaketi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeifundisha methali hiyo kwa zaidi ya miaka kumi bila kuushika mvukuto hata siku moja.

Likizo iliyofuata nilimwendea mzee mmoja mhunzi, jirani wa wazazi wangu mashambani, nikamwomba anifunze kazi yake. Nilitarajia kupewa nyundo. Mzee alinitazama viganja, akatabasamu, akasema, "Mwalimu, keti hapo uvukute." Nilivukuta siku mbili. Siku ya kwanza niliudhika kimoyomoyo. Siku ya pili nikaanza kuielewa methali.

Aghalabu sisi walimu huifasiri methali hii kuwa ni ya urithi: mtoto hufuata nyayo za mzazi wake. Fasiri hiyo si makosa, lakini imeacha nusu ya hekima nje. Methali hii yaeleza pia utaratibu wa kujifunza. Asiyeweza kufua bado ana kazi karakanani, na kazi hiyo ndiyo darasa lake la kwanza. Avukutaye hukaa karibu na moto, na moto ndio kitabu cha mhunzi.

Hebu tuutazame moto huo. Chuma cha kawaida kikifikia joto la nyuzi 700 hivi huwa na wekundu wa giza. Kikikaribia nyuzi 1,000 huwa na rangi ya chungwa, na kikipita 1,100 huelekea manjano. Kazi ya nyundo hufanywa kati ya chungwa na manjano. Wekundu ukififia, nyundo lazima ikome na chuma kirudi motoni, maana kukipiga kikiwa kimepoa ni kukipasua. Nacho kikivukutwa kupita kiasi kikawa cheupe na kurusha cheche, huwa kinaungua chenyewe, na sehemu hiyo haifai tena isipokuwa kukatwa. Nilikiunguza kipande changu cha kwanza kwa pupa ya kuvukuta. Mzee hakunigombeza, alikitupa kando tu akanipa kingine.

Hapo ndipo nilipong'amua kejeli moja ya lugha yetu. Mafundi wa chuma tumewapa jina la jua kali, ilhali mhunzi hulikimbia jua. Mwanga mkali hufuta rangi ya chuma, na asiyeiona rangi hufua kama kipofu. Ndiyo sababu banda la mhunzi huwa na kivuli kizito. Mafundi wa Kamukunji jijini Nairobi, ambao ustadi wao naustahi mno, aghalabu hufua bati likiwa baridi na kuunda masanduku, makarai na majiko. Mhunzi hufua chuma kikiwa moto. Kazi hizi mbili zinashiriki nyundo, bali kila moja ina elimu yake.

Je, anayeanza ahitaji nini? Si mtaji mkubwa kama wengi wanavyodhani. Shimo dogo lililokandikwa udongo, bomba la chuma la kupitishia hewa, na makaa ya kawaida yatosha. Hewa yaweza kutoka kwa mvukuto wa ngozi, au kwa feni ndogo inayozungushwa na gurudumu la baiskeli. Fuawe, jina ambalo limezaliwa na kitenzi kile kile cha kufua, yaweza kuwa kipande chochote kizito cha chuma kilichokazwa juu ya gogo, kimo chake kikifikia ngumi ya mfuaji aliyesimama mikono ikiwa chini. Asinunue kipande cha reli asichojua kilikotoka: uharibifu wa nyaya za umeme, reli na mali nyingine ya umma ndio ulioifanya serikali ipige marufuku biashara ya vyuma vikuukuu kuanzia Januari hadi Mei 2022. Nyundo ya kilo moja yamfaa. Iliyo nzito zaidi huchosha mkono na kuharibu shabaha. Koleo zaweza kungoja. Akianza na ufito wa chuma wenye urefu wa nusu mita, atashika upande ulio baridi.

Wanafunzi wengi hutamani kuanza na panga au kisu. Huo ni mfano wa mtoto anayetaka kuandika riwaya kabla ya kuandika jina lake. Kazi ya kwanza ni ncha. Chuma hupigwa kikawa na pande nne, kisha nane, ndipo kiwe mviringo. Anayeukimbilia mviringo moja kwa moja huishia na ncha iliyopasuka. Baada ya ncha huja kulabu, ambayo hufunza kupinda. Baada ya kulabu huja tindo, inayofuliwa kwa springi kuukuu ya gari, kwa kuwa chuma hicho kina kaboni ya kutosha kugumishwa. Tindo hupashwa moto hadi sumaku isiweze kuishika tena, yaani nyuzi 770 hivi au zaidi kidogo, kisha hutumbukizwa katika mafuta. Ikiachwa hivyo huwa ngumu lakini huvunjika kama kigae. Kwa hivyo husuguliwa ikang'aa, kisha hupashwa tena polepole mpaka uso wake uingie rangi ya hudhurungi. Hapo huwa imepoteza ugumu kidogo na kupata ustahimilivu.

Usalama nao hauna mjadala. Mfuaji avae miwani, viatu vya ngozi na nguo za pamba, kwa maana nailoni huyeyuka na kunata mwilini. Mabati na mabomba yaliyopakwa zinki yasiingie motoni kamwe; moshi wake mweupe huleta homa kali. Ndoo ya maji iwe karibu kabla kibiriti hakijawashwa. Fauka ya hayo, mzee alinionya kwamba chuma chekundu hakiunguzi wengi, kwa sababu kila mtu hukiona. Kinachounguza ni kile ambacho kimerudia weusi wake. Alama iliyo kwenye kidole changu cha shahada yathibitisha kuwa nilisikia onyo hilo baada ya kulihitaji.

Wapo watakaouliza: uhunzi wa nini katika karne hii, ilhali jembe la kiwandani linauzwa kila duka? Nakubali kuwa mhunzi hawezi kushindana na kiwanda kwa bei ya jembe jipya. Lakini jembe lililopinda, tindo ya mwashi iliyobutuka na mundu uliokatika havirudishwi kiwandani. Hurudishwa kwa mtu aliye karibu na ajuaye chuma. Tena elimu hii si ngeni kwetu. Al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake mwaka wa 1154, aliandika kuwa watu wa Malindi walichimba chuma na kukiuza, na kwamba faida yao kubwa ilitokana nacho. Wasamia wa upande wa Busia walifua majembe yaliyothaminiwa hata yakalipiwa mahari.

Kwa nini basi vijana wetu waione kazi hii kuwa ya waliokosa bahati? Miongoni mwa Wamaasai, wahunzi waitwao Ilkunono walitegemewa kwa mikuki na sime, lakini waliepukwa katika ndoa. Jamii ilipenda silaha na kumdharau aliyeifua. Tusiharakishe kuwalaumu wazee hao, maana shuleni twafanya yayo hayo. Mwanafunzi akianguka mtihani ndipo huambiwa aende akafanye kazi ya mikono, kana kwamba mikono ni adhabu ya wasio na akili. Kijana anayesikia hivyo kwa miaka kumi na miwili hataketi kwenye mvukuto hata akilipwa.

Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, ulikusudia kulitibu donda hili. Wazazi walichangishwa, karakana zikajengwa. Nyingi zilikosa vifaa, na ufundi ukageuka kuwa jambo la kukaririwa kwa ajili ya mtihani. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, umerudi na ahadi ya elimu ya vitendo. Nachelea kwamba nao utakwama pale pale tusipobadilisha fikira zetu. Mwalimu mkuu atasema shule haina fedha za karakana, na huenda asiwe anasema uongo. Lakini safari ya asubuhi moja hadi kwenye banda la mhunzi wa karibu haihitaji karakana. Yahitaji ruhusa ya mzazi, ada ya heshima kwa mhunzi kwa muda wake, na unyenyekevu wa mwalimu wa kukubali kufundishwa mbele ya wanafunzi wake. Mwalimu wa sayansi atapata somo la joto na rangi, na mwalimu wa Kiswahili atapata fuawe, koleo, tindo na mvukuto vikiwa hai, si katika orodha ya msamiati.

Kwa mwanafunzi anayetaka kuanza, nasaha yangu ni fupi. Usingoje mashine, wala usione haya kuvukuta. Mtafute mhunzi, umwamkie kwa adabu, uketi pale atakapokuonyesha. Nyundo itakuja kwa zamu yake.

Mimi nilirudi chuoni na kulabu moja iliyopinda upande. Imepigiliwa ukutani ofisini mwangu, nami hutundika koti hapo. Yule kijana aliyeniuliza juu ya mvukuto aliiona, akaishika, akaniuliza ni wapi ningeweza kumpeleka. Hilo ndilo swali ambalo kila mwalimu afunzaye methali hii apaswa kuwa na jibu lake. Asiyeweza kufua na avukute; lakini asiyefua wala kuvukuta atabaki na methali tupu.