Asiransi ya moto: tunalipa barieri ao tunalipa ulinzi?

Vijana wenzetu wa Bunia,

Mwezi uliopita mwenzetu mmoja aligonga mama karibu na daraja la Shari. Ilikuwa jioni, mvua imetoka kunyesha, barabara inateleza. Mama akavunjika mguu. Mwenzetu huyo ana lisansi ya ekonomia. Toka amalize masomo hajaitwa kazi hata siku moja, njo maana anaendesha moto ya mtu mwingine na kutoa versement kila jioni. Chini ya kiti kulikuwa karatasi ya asiransi, bado na miezi tano. Tukasema: afazali, leo asiransi itasaidia.

Haikusaidia. Tulipofika kwenye ofisi, wakatafuta namba ya karatasi na hawakuiona. Kumbe ilinunuliwa kwa mtu wa katikati, pembeni ya barabara, kwa nusu ya bei. Ilikuwa imepita kwenye barieri zote za mji bila shida. Siku ya ajali ndipo tulijua kwamba ni karatasi tu.

Moto ikazuiliwa. Mwenye moto akaanza kudai versement yake. Familia ya mama ikadai pesa ya hopitali, na walikuwa na haki. Sisi tukachanga. Mama wa mwenzetu akauza mbuzi wawili. Na yule mama aliyegongwa, anayeuza nyanya kwa kulisha watoto wake, alikaa wiki nyingi nyumbani bila kuuza kitu. Hakuna aliyemlipa siku hizo.

Hatuandiki haya kwa kulia. Tunaandika juu ya swali moja: kwa nini kijana mwenye diplome, anayejua kusoma, ananunua asiransi ya uongo?

Jibu la kwanza ni bei, na zaidi ya bei ni namna ya kulipa. Asiransi wanakuomba ya miezi mingi kwa mara moja, tena wanaihesabu kwa dola. Motari anapata franka, siku kwa siku. Asubuhi mafuta, mchana chakula, jioni versement. Kinachobaki kinaingia mfukoni na kutoka usiku uleule. Fanya hesabu ndogo: ukiweka franka 500 kila siku ya kazi, kwa siku 26 uko na franka 13.000. Kwa mwaka ni franka 156.000. Pesa hiyo kijana anaweza kuipata. Lakini hawezi kuwa nayo yote siku moja, hasa wale waliokimbia vita Djugu na Irumu, wakafika hapa mikono mitupu na kuanza maisha juu ya moto.

Jibu la pili ni kwamba hatuamini kama asiransi inalipa. Tumeizoea kama karatasi ya kuonyesha askari. Ukiuliza motari kumi kwenye parkingi asiransi yao inalipa nini, wengi watakuambia: «Inanipitisha.» Kama kazi yake ni kupitisha tu, basi ya uongo nayo inapitisha. Kwa nini ulipe mara mbili?

Lakini sheria haikuweka asiransi kwa ajili ya barieri. Katika inchi yetu asiransi ya vyombo vya moto ni ya lazima toka sheria ya tarehe 5 Januari 1973. Inaitwa responsabilité civile. Maana yake: inalipa mtu uliyemuumiza. Hailipi moto yako ikiharibika, wala ikiibiwa. Ni ya yule mama wa nyanya. Na bila asiransi, deni linabaki lako, sababu kifungu cha 258 cha kitabu cha sheria za kiraia, kile ambacho kila mwanafunzi wa droit anakijua kwa kichwa, kinasema anayemletea mwingine hasara kwa kosa lake anapaswa kuilipa. Na kifungu cha 260 kinamfikia pia anayetuma mwingine kazi. Wenye moto wasikie vizuri: ukipokea versement kila jioni, usifikiri ajali itabaki ya motari peke yake.

Kwa miaka mingi kampuni ilikuwa moja tu, SONAS ya serikali, iliyoundwa mwaka 1966. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 iliondoa ukiritimba huo na kuweka msimamizi, ARCA. Mwaka 2019 kampuni za binafsi zikaanza kupewa ruhusa. Wengi tulifurahi, tukasema kampuni zikiwa nyingi bei itashuka na huduma itafika. Kwa motari wa Mudzipela ao wa Nyakasanza, mabadiliko hayo bado hayajaonekana mfukoni.

Watatuambia: vijana ndio wanaofanya ajali nyingi, njo maana mahali pengi duniani kijana analipa zaidi. Hatukatai. Tunajiona wenyewe: watu watatu ao wanne juu ya moto moja, kasko imefungwa kwenye kiti badala ya kuwa kichwani, permi hakuna, na mtu akigonga anakimbia. Hayo ni yetu, na hakuna mkubwa anayetulazimisha kuyafanya. Lakini kama mwenye kuendesha vibaya atalipa zaidi, basi na yule anayemaliza mwaka bila ajali alipe kidogo. Mzani uko na pande mbili.

Hatuombi kitu kisichowezekana. Kenya, mwenye matatu ao bodaboda anaweza kununua bima ya mwezi mmoja. Tanzania, mtu anaingiza namba ya gari katika mfumo wa TIRA, anaona kama bima ni ya kweli. Hapa kwetu kila motari ana simu, na M-Pesa, Airtel Money na Orange Money tunatumia kila siku kwa kununua hata sabuni.

Kwa hiyo tunadai mambo haya:

1. Kampuni ziuze asiransi ya moto kwa mwezi, kwa franka, kwa simu.
2. ARCA iweke namna ya kuhakikisha namba ya asiransi kwa ujumbe wa simu, bila intaneti. Askari aitumie, abiria aitumie, nasi tuitumie kabla ya kutoa pesa.
3. Ajali ndogo zilipwe hapa Bunia. Dosye ya mguu uliovunjika isingoje Kinshasa.
4. Wenye moto walipe asiransi wao, na isikatwe juu ya versement. Chombo ni chao.
5. Serikali ya jimbo itafute wanaochapa karatasi za uongo, badala ya kukamata tu wanaozibeba.

Na sisi tufanye yetu, bila kungoja. Kila parkingi iweke sanduku moja la franka 500 kwa siku, na daftari ambayo kila mtu anaweza kuisoma. Twende kwenye kampuni tukiwa watu thelathini na bei yetu mkononi, si mmoja mmoja. Kabla ya kulipa tuulize maswali matatu: kampuni hii ina ruhusa ya ARCA? Abiria wangu yumo? Nikigonga mtu, ninakuja ofisi gani, na karatasi gani? Kama muuzaji hawezi kujibu, rudisha pesa mfukoni.

Mwenzetu amerudi kazini juu ya moto ya mtu mwingine. Deni bado analipa. Yule mama ameanza kukanyaga kidogo kidogo, na juzi alituambia: «Mimi sitafute kumufunga mutoto wa mutu. Natafuta paka pesa ya kurudia soko.»

Pesa hiyo ndiyo asiransi. Tuidai.