Usonji si utovu wa adabu

Mpwa wangu mwenye usonji alikataliwa na shule moja ya chekechea kwa kuwa, akiwa na umri wa miaka mitano, alikuwa bado anavaa nepi. "Mfunzeni adabu kwanza," dada yangu akaambiwa. Adabu! Mtoto asiyetambua vyema dalili za mwili wake, anayeogopa kishindo cha maji ya choo, tena asiye na neno la kuombea ruhusa, amemkosea nani adabu?

Mimi ni mwanaisimu, nami nashikilia kwamba neno si lazima litamkwe. Tulichora choo kwenye kadi. Kila baada ya mlo tulimpa kadi hiyo, tukamkalisha chooni dakika chache, miguu juu ya kigoda, na alipofaulu tukampongeza papo hapo. Fimbo haikuguswa. Ilichukua miezi minane, na mara mbili tulirudi nyuma (kufunga choo nako huvuruga mafunzo, daktari aulizwe mapema). Kisha siku moja alinivuta mkono, akanikabidhi kadi.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinawahakikishia watu wenye ulemavu nafasi shuleni. Nakala ya kadi tumeipelekea shule ile. Tungali tunangoja jibu.