Fedha ya Bibi Haisuguliwi



Juma lililopita tulizungumza juu ya leso za zamani na namna ya kuzikinga na nondo. Juma hili tumebaki mbele ya sanduku lile lile, ila twateremka chini zaidi, pale ambapo bibi zetu walikuwa wakificha fedha zao.

Katika ukoo wetu, alipofariki bibi yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, sanduku lake lilifunguliwa mbele ya warithi wote. Chini ya leso na kibweta cha udi zilikutwa bahasha mbili za sarafu za fedha, moja ya kitambaa na moja ya karatasi. Mama zetu wadogo, kwa nia njema kabisa, waliichukua ile ya kitambaa, wakazisugua sarafu zake kwa jivu na ndimu mpaka zikameta kama sufuria za mkesha wa Idi. Ile ya karatasi haikufikiwa, kwa kuwa adhana ya magharibi iliwakuta kazini wakaondoka kwenda kutawadha.

Siku ya pili yake palitolewa shauri kwamba zote zipelekwe kwa sonara, zipimwe kwa uzito, na kila mrithi apewe fungu lake. Dada yetu mmoja akaomba wamvumilie siku mbili. Alimjua mzee mmoja aliyekusanya sarafu tangu ujana wake, akampelekea zote. Mzee alizitazama zile zilizosuguliwa, akanyamaza. Kisha akafungua karatasi, akazigeuzageuza mwangani zile zilizobaki na rangi zake za samawati na zambarau, akasema, "Mwanangu, hizi ndizo sarafu. Zile nyingine sasa ni fedha tu." Miongoni mwa zilizosuguliwa ilikuwamo rupia ya Mombasa ya mwaka 1888.

Tangu siku hiyo tumejifunza jambo ambalo twapenda kila nyumba yenye sanduku la zamani ilijue.

Fedha haishiki kutu kama chuma. Inapokaa hewani hukutana na chembe za salfa, ile ile iliyomo ndani ya yai, ambayo huufanya mwiko wa fedha uwe mweusi ukilia yai la kuchemsha. Hapo hujengeka utando mwembamba juu ya uso wa sarafu. Utando ukiwa mwembamba sana, mwanga huchezacheza ndani yake kama unavyofanya kwenye povu la sabuni, nasi huona rangi. Ya kwanza huwa manjano hafifu kama maji ya zafarani, kisha rangi ya dhahabu iliyokolea, kisha zambarau, kisha samawati. Utando ukizidi unene, rangi hufa na sarafu huwa nyeusi. Aghalabu rangi huanzia ukingoni, ambako karatasi au kitambaa hugusana na sarafu, ikaingia polepole kuelekea katikati. Huchukua miaka, pengine umri wa mtu mzima.

Utando huo haujengeki juu ya sarafu tu, bali hutokana na fedha ya sarafu yenyewe. Mwenye kuusugua huondoa pamoja nao ngozi ya juu, na jivu huacha mikwaruzo myembamba isiyofutika. Ndipo wakusanyaji wakawa tayari kulipa zaidi kwa sarafu yenye rangi nzuri ya asili kuliko iliyong'arishwa, ingawa uzito wao mizanini ni mmoja.

Si lazima mtu akusanye kila sarafu ya kila mwaka. Huo ni mzigo na ni gharama. Wengi hufuata njia ya aina kwa aina, yaani sarafu moja tu ya kila umbo, iliyo nzuri kuliko zote atakazoweza kuipata. Kwa pwani yetu, mkusanyo wa namna hiyo waweza kutosha kiganjani na bado ukaeleza historia ndefu.

Ya kwanza ni reale ya Sham, yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Alifariki mwaka 1780, lakini sarafu yake iliendelea kupigwa kwa mwaka ule ule wa 1780 kwa kuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Sham, Uarabuni na Uhabeshi hawakuiamini nyingine. Ina gramu 28 na nukta chache, na ukingoni pana maneno ya Kilatini yenye maana ya uadilifu na huruma, yaliyozuia watu kuikata kando. Nyingi ziliyeyushwa na masonara zikawa bangili na mitali. Kwa hiyo huenda hata mkufu wa nyanya yako ulikuwa reale.

Ya pili ni rupia ya India yenye sura ya Victoria, ya gramu 11 na nusu na ziada kidogo, iliyotawala masoko yetu zama za babu za babu zetu. Ya tatu ni rupia ya Mombasa, iliyopigwa Birmingham kwa ajili ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, yenye jua na mizani na jina la mji wetu. Ya nne ni rupia ya Mjerumani, ambayo mwanzo wake ulikuwa mwaka 1890, ina sura ya Kaizari aliyevaa kofia ya vita, na nyuma yake simba na mnazi. Ya tano ni senti hamsini za kabla ya mwaka 1920. Ya sita ni florini, iliyotoka mwaka 1920 na kuondoshwa upesi. Ya saba ni shilingi ya simba iliyoanza mwaka 1921. Hiyo ya mwisho robo yake tu ndiyo fedha, basi usishangae ikiwa rangi yake imepoa kuliko za dada zake.

Mwenye bahati aweza kukutana na rupia ya India ya mwaka 1911, mwaka wa kwanza wa sarafu za mfalme George wa Tano. Mfalme alichorwa amevaa mkufu wa nishani wenye tembo mdogo, lakini mkonga wake ulikuwa mfupi mno hata watu wakamwona nguruwe. Waislamu wa India wakakasirika, sarafu zikarudishwa na nyingi kuyeyushwa, na mwaka 1912 tembo akachorwa upya. Zile chache zilizobaki mikononi mwa watu sasa hutafutwa.

Penye thamani hapakosi mdanganyifu. Wako wanaochukua sarafu iliyokwisha kusuguliwa, wakaipika kwa moto au dawa zenye salfa ili ipate rangi kwa siku moja, kisha wakaiuza kama ya zamani. Dalili zake zipo. Rangi ya kughushi huruka, hutoka manjano hadi samawati pasipo kupita zambarau. Huketi hata ndani ya mikwaruzo, ilhali mkwaruzo mpya ungepaswa kuwa mweupe. Hukaa kama rangi iliyopakwa, na mng'ao wa sarafu hauonekani kupenya chini yake. Kuuza kitu kwa kukificha kasoro yake ni dhuluma hata ikiwa mnunuzi ameridhika. Muuzaji mwema husema, "Hii ilisuguliwa," akapunguza bei yake.

Kwa aliye nazo nyumbani, nasaha zetu ni chache. Usizisugue kwa jivu, ndimu, ukwaju wala dawa ya meno. Zishike ukingoni, kwa mikono mikavu. Usizifunge kwa mipira ya kufungia pesa, kwa kuwa ina salfa nyingi na huacha mstari mweusi. Usizitie ndani ya plastiki laini yenye harufu. Huyeyuka polepole ikaacha ute wa kijani. Kila moja iwe na bahasha yake ya karatasi, zikae mahali pakavu mbali na jiko na upepo wa bahari, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu. Yenye tundu au kishikizo cha mkufu bei yake hupungua kwa mkusanyaji, lakini usiione haya. Ilivaliwa na mtu wako.

Yako mambo mawili makubwa kuliko rangi. La kwanza ni mirathi. Mwanamke ana fungu lake, na mara nyingi hupunjwa bila ya mtu kukusudia, pale anapokubali uzito wa sonara kuwa ndiyo thamani. Zithaminiwe kwanza na mtu mjuzi asiyekuwa mnunuzi, moja moja, ndipo zigawanywe. La pili ni zaka. Sarafu za fedha ni mali hata zikiwa za kutazamwa tu. Nisabu ya fedha ni dirhamu 200, takriban gramu 595 za fedha safi, nazo hufikiwa na reale 26 hivi, au rupia 56. Mwenye kufikia kiasi hicho na mwaka ukapita juu yake, amwendee mwanachuoni wake amuulize, na hasa ikiwa baadhi zimefanywa vipuli au mkufu wa kuvaliwa.

Za kwetu ziligawanywa hivyo, baada ya kuthaminiwa. Aliyetoa shauri la sonara ndiye aliyekuwa wa kwanza kumshukuru dada yetu kwa zile siku mbili alizoziomba. Rupia ya Mombasa iliyosuguliwa haikugombewa na mtu, ikaingia katika fungu letu. Tuliifunga kwa karatasi tukaiweka kabatini. Ramadhani iliyopita tuliifungua. Mikwaruzo ya jivu ingali pale pale, lakini ukingoni imeanza kuvuta manjano, hafifu sana, upande mmoja. Sisi hatutaiona ikifika samawati. Tumeandika juu ya bahasha yake, kwa wino wa wazi, kwa ajili ya watakaolifungua sanduku letu: *Msiisugue.*

Tukutane juma lijalo, inshallah.