Kabla ya kulipia kontena, uliza habari za ufunguo

Mfanyabiashara anayeagiza mita za umeme au vifaa vya kufuatilia magari kwa kawaida huuliza bei, muda wa dhamana na siku za meli. Kwa maoni yetu liko swali la nne, nalo linagusa mtaji wake moja kwa moja: nani anashika ufunguo wa programu iliyomo ndani?

Vifaa hivyo huendeshwa na maikrokontrola, yaani kompyuta nzima katika chipu moja ndogo. Chombo kinapowashwa, programu ya kwanza kuamka ni butiloda. Mojawapo ni MCUboot, iliyotokana na mradi wa Apache Mynewt, na ni programu huria. Kiwanda chochote huitumia bila malipo. Kazi yake ni kama ya mlinzi wa ghala. Hukagua saini ya programu kuu, na isipolingana na ufunguo wa hadharani uliohifadhiwa ndani yake, haipiti. Programu mpya huweza kuwekwa kwa majaribio; ikishindwa kazi, chombo kikiwashwa tena hurudi kwenye ile ya zamani. Mwenye mita mia tano vijijini anaelewa faida ya hilo, maana nauli ya fundi peke yake ingemmaliza.

Lakini muuzaji akisema tu kwamba anatumia MCUboot, hajajibu swali. Programu hiyo huja na funguo za mfano, za siri zikiwemo, ambazo mtu yeyote duniani anaweza kuzichukua, na waandishi wake wameonya kwamba zisitumike katika bidhaa za sokoni. Kiwanda chenye haraka ya oda kikiziacha humo, kufuli lipo mlangoni na ufunguo anao kila mtu. Kikitengeneza wake kisha kikafilisika bila kuukabidhi, shehena yako haitapata marekebisho tena.

Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya usalama wa bidhaa za kidijitali mwaka 2024, na masharti yake makuu yamepangiwa Desemba 11, 2027. Tunahofia kwamba vifaa vitakavyokataliwa huko vitaletwa kwetu kwa bei ya kuvutia.

Mkataba utaje nani aliunda ufunguo, unahifadhiwa wapi na nani ataupokea kiwanda kikifungwa. Mwenye hisa katika kampuni inayosambaza mita naye aulize hayo kwenye mkutano mkuu, kabla shehena mbovu haijala gawio lake.