Badme Ilikuwa na Askari, Bakassi Ikapata Tume

Hoja iliyochapishwa majuzi inadai kuwa Umoja wa Afrika hautazuia vita vya mipaka hadi uwe na jeshi la pamoja la kulazimisha hukumu. Historia inaikataa.

Badme, mji wa mpakani uliogombewa na Ethiopia na Eritrea, ni ushahidi. Baada ya vita, nchi hizo mbili zilitia saini mkataba wa amani Algiers, Desemba 2000. Aprili 2002 tume ya mpaka ikaamua, na Badme ikaangukia upande wa Eritrea. Ethiopia ikagoma. Walinda amani wa Umoja wa Mataifa, walioidhinishwa kufikia 4,200, walikuwapo muda wote huo. Waliondoka mwaka 2008 hukumu ikiwa bado makaratasi tu.

Katika rasi ya Bakassi, iliyogombewa na Nigeria na Kamerun, mambo yalikwenda vingine. Oktoba 2002 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliipa Kamerun rasi hiyo, na Nigeria ikachukia. Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati huo, hakupeleka kikosi cha kulazimisha. Aliwakutanisha marais Paul Biya wa Kamerun na Olusegun Obasanjo wa Nigeria, ikazaliwa tume ya pamoja iliyokutana kwa zamu Yaoundé na Abuja. Mkataba wa Greentree wa 2006 ulishuka hadi kwa mvuvi: asifukuzwe, asilazimishwe kubadili uraia, aendelee kuvua. Agosti 2008 Nigeria ikakamilisha kukabidhi eneo hilo.

Ni kweli, wakazi wengi walihama kwa uchungu, na malalamiko yao ni ya haki. Lakini majeshi mawili hayakurudi vitani.

Programu ya Mipaka ya Umoja wa Afrika, iliyoanzishwa 2007, ndiyo ya kuongezewa fedha, wapima ardhi na wapatanishi, kabla kifaru hata kimoja hakijanunuliwa.