Mfumuko Kushuka Si Bei Kushuka

Mfumuko wa bei ni kasi ambayo bei zinapanda, si bei zenyewe. Kutoelewa tofauti hiyo kumezaa dhana iliyoenea Kenya nzima, na huko Masimba, kaunti ya Kisii, inasemwa kama jambo lisilo na ubishi: kwamba takwimu za Shirika la Takwimu Nchini (KNBS) hupikwa ili kuipamba serikali. Ushahidi unaotolewa ni uleule kila mara. Redio imetangaza kwamba mfumuko umeshuka, mafuta ya kupikia ya kupima dukani hayajashuka bei, basi kuna anayedanganya. Dhana hii ni potofu, na hasara yake humwangukia mnunuzi mwenyewe.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Oktoba 2022 KNBS ilitangaza mfumuko wa mwaka wa asilimia 9.6. Oktoba 2023 ukawa 6.9, na Oktoba 2024 ukafika 2.7, kiwango cha chini kuliko vyote vya zaidi ya miaka 10 iliyotangulia. Viwango hivyo vikifuatanishwa, kapu la bidhaa lililogharimu shilingi 1,000 Oktoba 2021 lilifika 1,096, kisha karibu 1,172, kisha kama 1,203. Yaani katika Oktoba 2024 hiyohiyo, takwimu rasmi zilikuwa zikisema kwamba kapu limeongezeka shilingi 200 na ushee katika miaka 3. Mama anayenung'unika dukani na karani wa takwimu wanasema jambo moja. Mwongo, kama yupo, ni mwanasiasa anayepanda jukwaani na kutangaza kwamba gharama ya maisha imeshuka, akiegemea tarakimu isiyosema hivyo.

Upimaji nao hauna uganga. Kila mwezi wakusanyaji wa KNBS huulizia bei za bidhaa zilezile, za kipimo kilekile, katika maeneo 50 nchini, na matokeo hulinganishwa na ya Februari 2019, mwezi uliopewa thamani ya 100. Kila bidhaa ina uzito wake kulingana na matumizi yaliyoonekana katika utafiti wa bajeti za kaya wa 2015/16. Chakula na vinywaji visivyo na kileo vilipewa karibu asilimia 33. Nyumba, maji, umeme na nishati nyingine za nyumbani, 14.6, uchukuzi, chini kidogo ya 10.

Hapo ndipo penye lalamiko la haki, ingawa si lile linalosikika sokoni. Uzito huo huhesabu shilingi, hauhesabu watu. Familia inayotumia 200,000 kwa mwezi ina uzito mara 10 ya familia inayotumia 20,000, kwa hiyo kapu la taifa huelekea upande wa wenye nacho. Isitoshe, familia ya Masimba haifanani na ya Nairobi hata katika umaskini. Aghalabu hailipi kodi ya nyumba. Ndizi, mboga za saga, maziwa na sehemu ya mahindi hutoka shambani kwake. Pesa taslimu ikitoka mfukoni hununua mafuta ya kupikia, sukari, sabuni, unga wa ngano wa chapati, nauli ya matatu na mbolea. Karibu kila kimoja kati ya hivyo kina mguu mmoja ng'ambo. Mkulima anayedhaniwa kujitegemea kwa chakula ndiye ambaye pesa yake kidogo huelekea moja kwa moja kwenye bidhaa zinazotegemea dola.

Mafuta ya kupikia yanaonyesha njia hiyo vizuri. Mafuta ghafi ya mawese hutoka Malaysia na Indonesia, hushushwa Mombasa, husafishwa nchini, kisha husafirishwa kwa lori hadi Kisii na kugawanywa kwa maduka madogo. Bei hubebeshwa mizigo njiani: bei ya soko la dunia, thamani ya shilingi, ushuru, dizeli ya lori, faida ya kila mkono. Ushuru hupigwa kwa thamani iliyokwisha kugeuzwa kuwa shilingi, kwa hiyo shilingi ikidhoofika, malipo ya forodha nayo hupanda bila bunge kupitisha lolote. Aprili 2022 Indonesia ilipopiga marufuku uuzaji wa mawese nje, soko lilishtuka hata kabla ya pipa moja kukosekana Mombasa. Marufuku iliondolewa mwezi uliofuata.

Dukani, anayenunua mafuta ya shilingi 20 hupewa kwa kipimo. Sarafu haibadiliki, kinachobadilika ni kiasi kinachomiminwa chupani. Gharama ikipanda, kipimo hupungua siku hiyohiyo. Ikishuka, nani atamlazimisha muuzaji akijaze?

Swali hilo lingefaa kuulizwa juu zaidi ya duka. Mwanzoni mwa 2024 dola ilikuwa ikiuzwa karibu shilingi 160. Kenya ilipokopa dola bilioni 1.5 Februari ili kulipia sehemu ya deni la bilioni 2 lililokuwa likiiva Juni, hofu ya kushindwa kulipa ilitulia, na kufikia katikati ya mwaka dola ilikuwa karibu 129. Ni punguzo la karibu moja ya tano kwa kila mwagizaji. Petroli, ambayo bei yake ya juu kabisa hupangwa kila mwezi na mamlaka ya kudhibiti nishati, EPRA, ilishuka Nairobi kutoka shilingi 217.36 Oktoba 2023 hadi 180.66 Oktoba 2024. Penye mdhibiti anayetangaza bei hadharani, nafuu ilionekana. Nauli, isiyo na mdhibiti wa namna hiyo, ni rahisi kupandishwa petroli ikipanda na ngumu kuteremshwa ikishuka. Anayeamini kwamba takwimu zote ni uongo hawezi kuzitumia kuwabana wenye viwanda na wenye magari, kwa kuwa amekwisha kumtupa shahidi wake.

Na shilingi imara si neema kwa kila mtu Masimba. Chai ya kiwanda cha Kiamokama, kilicho katika eneo bunge hilohilo la Nyaribari Masaba, huuzwa kwa dola katika mnada wa Mombasa. Bonasi za wakulima ziliposhuka mwaka 2025, wakala wa chai KTDA ulitaja kuimarika kwa shilingi kuwa mojawapo ya sababu. Kwa mkulima wa chai, kushuka kwa dola hupunguza malipo yake kwa hesabu iliyoandikwa kwenye karatasi, ilhali nafuu ya mafuta na sabuni humfikia nusunusu, baada ya kupita mikono mingi isiyolazimika kueleza bei zake kwa yeyote.